Nnalongo Tezira Namatovu, Bawabu wa Kina Mama wa Mapacha

Wapendwa waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Nnalongo Tezira Namatovu. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji hiki hiki, Kalungu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Anatoli Lwanga na marehemu Mama Feresita Nakibuuka. Mama yake alizoea kusema kwamba kichanga hiki kilizaliwa kimekunja uso, kikitazama watu mmoja mmoja kana kwamba kinauliza, "Na wewe ni nani?" Swali hilo hakuliacha hadi mwisho.

Alianza shule ya msingi ya parokia mwaka 1975, akafika kidato cha tatu. Vita vilipoingia Masaka mwaka 1985 masomo yalikatika, naye akajifunza cherehani kwa shangazi yake. Tangu 1988 alishona sare za shule pale Nyendo. Mzazi akimwambia, "Mama, vipimo ninavyo," alijibu, "Vya nani? Mtoto mwenyewe yuko wapi? Mlete hapa."

Mwaka 1991 alifunga ndoa na Leonsio Kafeero. Siku ya kujitambulisha kwa wakwe, wageni wa bwana harusi walihojiwa langoni mpaka jua likawageukia, na inasemekana maswali magumu kuliko yote yalipenyezwa kutoka chumbani na bibi harusi mwenyewe. Walijaliwa Kigongo; kisha, tarehe 2 Agosti 1997, mapacha Babirye na Kato; kisha Kizza, kama aitwavyo kwetu kila mtoto anayewafuata mapacha. Baada ya mapacha hakuna aliyemwita Tezira tena. Yeye akawa Nnalongo, mama wa mapacha, na mumewe akawa Ssalongo, baba yao, cheo ambacho kwetu hakinunuliwi wala hakiombwi.

Mwaka 2014 Babirye alimpa simu ya kisasa. Yeye na majirani zake wachache, kina mama wa mapacha, wakafungua kundi la mtandaoni, wapate pa kupumulia. Ndani ya miaka michache walipita elfu thelathini, na penye wengi hapakosi mengi. Waliingia wauza dawa za kuongeza maziwa, wakaingia wezi wa picha, wakaingia wanaume waliojiita akina mama. Mama mmoja alieleza humo jinsi mumewe anavyompiga. Kesho yake mume alikuwa na maneno yale yote mkononi. Ndipo Nnalongo alipojiweka mlangoni. Akatunga sheria: bila picha ya mapacha wako, huingii.

Picha nazo zikaibwa. Akabuni mtego wake. Alimtumia mgeni swali, kisha akarudi kwenye cherehani.

"Mama wa mapacha wachanga ana mikono miwili na yote ina watu," aliwaambia wenzake. "Anayekujibu papo hapo, tena na koma na nukta, huyo hana hata paka."

Mmoja alimjibu mara moja, insha nzima juu ya kunyonyesha. Nnalongo akampigia simu.

"Nnalongo?"

"Ndiyo, mimi hapa," ikajibu sauti nzito.

"Haya, mzee wangu. Hongera kwa maziwa."

Januari 2019 alibisha hodi Agiripina Nassuuna, kutoka upande wa Mubende. Hakuwa na picha, na alijibu kabla Nnalongo hajaweka simu mezani. Akakataliwa. Akarudi, akakataliwa tena. Mara ya tatu aliandika: "Nnalongo, najibu upesi kwa sababu sina wa kumweka chini. Wangu waliruka wote wawili."

Kwetu mapacha hawasemwi kuwa wamekufa. Huruka.

"Hata matapeli wanalijua neno hilo," wenzake walimwonya. "Na sheria uliitunga wewe, dada."

Nnalongo hakubishana. Alifunga duka katikati ya msimu wa sare, wazazi wakimlalamikia barazani, akapanda gari kwenda Mubende. Aliposhuka alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akichoma ndizi kando ya barabara.

"Namtafuta Agiripina Nassuuna."

"Agiripina? Huyo simjui... Ngoja kwanza. Unamtaka Nnalongo? Si ungesema! Nyumba ile pale, yenye mlango wa bluu."

Nnalongo aliketi kwenye benchi la yule mama akalia. Majirani hawampi mtu jina hilo kwa kumhurumia. Alimwingiza Agiripina kundini hapo hapo, kabla hata hajafika kwenye ule mlango wa bluu, na aliporudi nyumbani Ssalongo akamuuliza alikuwa wapi.

"Nilimfungia mwenye nyumba nje," alisema. "Nimekwenda kumwomba radhi."

Tangu hapo picha hazikudaiwa tena. Kila mgeni aliingia akiletwa na mwenzake anayejua majirani wanamwitaje. Na Agiripina akawa bawabu wa pili.

Kisukari kiligundulika mwaka 2021, na mwaka jana figo zikaanza kumchosha. Alilazwa hospitalini Masaka tarehe 27 Mei. Hata kitandani, muuguzi mgeni akija na sindano aliulizwa, "Mwanangu, nani anakufahamu hapa?" Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024 alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Ssalongo.

Babirye alipotangaza msiba kundini, majibu yalikuja kama yanavyokuja siku zote kutoka kwa kina mama wale: polepole, mchana kutwa na siku ya pili yake, mengine nusu sentensi. Moja tu lilifika kabla hajaweka simu chini, nalo lilitoka kwa Agiripina. Sasa ana Kizza wake, mtoto wa miaka miwili asiyebanduka mgongoni. Alimweka chini mtoto akilia, akajibu.

Marehemu ameacha mume, Ssalongo Kafeero, watoto wanne, Kigongo, Babirye, Kato na Kizza, wajukuu watano, na Nnalongo Agiripina, aliyeketi pale mbele na mtoto wake pamoja na familia, kwa sababu ndipo mahali pake.

Mama, ukifika mlangoni wakakuuliza wewe ni nani, usihangaike kutafuta picha. Waambie waulize majirani. Tuko hapa wote, tunakuita kwa jina lako. Pumzika kwa amani, Nnalongo.