Saa ya Shangazi

Benchi lililo mkabala na geti la kiwanda cha sabuni lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kuinuka bila kuaga, maana wenzake watabiringika. Mchana huo alikaa hapo Waya, fundi wa mitandao, uso umemshuka. Swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote za kiwanda, ilikuwa imegoma kupokea saa kutoka kwa seva, kompyuta kuu ya kiwanda, na jana mashine ya mahudhurio ikaandika kwamba wafanyakazi arobaini wamechelewa. Meneja alimpa mpaka leo saa nane. Ikipita hapo, arudi kwao akafuge kuku.

— Kwani seva imekosa nini? aliuliza Komando, mlinzi mstaafu.

— Swichi haipokei saa ya kila mpita njia, mzee wangu. Seva lazima itoe neno la siri. Nimeliandika pande zote mbili, herufi kwa herufi. Bado inakataa!

— Ni jua hilo. Mchana waya unalegea. Saa inatoka kule nzima, inafika hoi.

— Jua gani ndani ya ukuta? alidakia Profesa, ambaye ni fundi cherehani. Swichi inadeka. Imemzoea fundi wa zamani, inamlilia. Ndiyo maana wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

— Kovu limeingiaje hapa?

— Wewe kunywa kahawa.

Shangazi, mwenye birika, alikuwa anasikiliza tu.

— Mwanangu, alisema, mgeni anaweza kuja na neno zuri mdomoni. Mlangoni kwangu haingii mpaka niwaambie wanangu kwamba neno hilo ni la kuaminiwa. Wewe hicho kisanduku umekiambia?

Kikombe cha Waya kilisimama njiani. Neno la siri aliliandika, ndiyo. Kuiamuru swichi iliamini neno hilo, hakuiamuru. Mstari mmoja tu! Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

— Basi, alisema Komando, leo watu wamefanyaje kazi bila saa?

— Nimeiweka kwa mkono kwenye swichi asubuhi. Nimefuata saa ya Shangazi.

— Na hujakosea, alisema Shangazi, akiinua mkono ili wote waione saa yake. Hii haipotezi hata dakika. Kila siku nairekebisha king'ora cha kiwanda kikilia.

Waya akaweka kikombe chini.

— Shangazi… king'ora kinafuata swichi.

Shangazi akaitazama saa yake, kisha akalitazama geti.

— Penye wazee haliharibiki neno, alisema Profesa, na safari hii hata yeye hakujua kwa nini.

Hapo ndipo alipofika dada mmoja, begi la kompyuta begani, jasho usoni.

— Shikamooni. Nimeitwa hapo kiwandani saa nane kamili, wanasema kuna swichi imemshinda fundi wao. Samahani, sasa hivi ni saa ngapi?

King'ora cha saa nane kikalia.

Komando akatazama jua. Profesa akatazama viatu vyake. Shangazi akaficha mkono ndani ya khanga. Na Waya akainuka bila kuaga, akatimua mbio kuelekea getini, huku nyuma yake benchi likienda chini na kila kitu, birika, kovu na wazee.