"Hita Zima": Maisha ya Wamalwa wa Ziwani

Kaka yetu Wamalwa, kifungua mimba wa mzee Wekulo na Mama Ayuma, alizaliwa Ziwani tarehe 14 Agosti 1979. Mimi ni Kweyu, mdogo wake. Nasoma haya kama alivyoagiza, ingawa uso umenishuka kwa aibu.

Alisoma shule ya msingi hapo mtaani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997, kisha akapata stashahada ya kemia. Ngeli za Kiswahili ndizo zilizomshinda. Mwalimu alisahihisha hadi akachoka. Kaka akirudi Ziwani ilikuwa "kiatu yangu, kitabu yake". Sisi tulicheka tu.

Mwaka 2002 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, Baba Dogo, kuzuia chokaa isishike ndani ya matangi ya maji moto. Hapo ndipo alipokutana na Annah. Walifunga ndoa mwaka 2006, wakajaliwa binti, Mitchelle.

Mwaka 2018 alikwenda Turkana kwenye visima vya mafuta ghafi. Mafuta ya kule yana nta, yakipoa huganda. Kaka alitia dawa za kuzuia nta na chokaa, na kuhakikisha bomba halipoi. Akija likizo alitushikia sufuria ya supu ya mbuzi iliyolala. "Mnaona hii mafuta imeshika? Hii ndio inanilipa."

Sasa nifike pale ninapopakimbia. Machi 2019 alimwita kwenye redio Johnson Muoki, mwangalizi wa hita inayolipasha bomba joto. Alitaka kujua kama hita ni nzima. Akauliza kwa Kiswahili chetu cha Ziwani, "Muoki, hita zima?"

Muoki alisikia amri. "Sawa, mkubwa," akajibu, akaizima. Kaka naye akaelewa kwamba hita iko sawa.

Mafuta yaliganda bombani, kazi ikasimama. Wakubwa walipouliza, kaka alisema, "Sikumwambia azime." Ilikuwa kweli, lakini yale aliyoyatamka kwenye redio hakuyataja. Muoki alifukuzwa kwa uzembe.

Mwaka 2024 kaka aligunduliwa kuwa na kansa ya koo, ikawa hata uji haupiti. Mara kwa mara alimpigia Muoki na kukata kabla simu haijaita. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, lakini yeye alikataa iishie hapo. "Kweyu," aliniambia, "siku ya kunizika usipake watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Sema vile nilisema." Alifariki tarehe 3 Mei 2025, Annah akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane wake Annah, binti yake Mitchelle, nami mdogo wake.

Bwana Muoki, nilikupigia Jumanne, ukasema utafikiria. Kama umefika, wasikie wote: hukuwa mzembe. Uliambiwa "hita zima", na aliyesema ni huyu tunayemzika. Tunakuomba utangulie kutia udongo. Ukikataa, hatutakulaumu.

Mungu ampe kaka yetu pumziko alilojinyima mwenyewe.