Phoebe Mukonyo Mbithi na Ugonjwa Uliokuwa Ukiondoka na Kurudi

Marehemu Phoebe Mukonyo alizaliwa Mitaboni, Machakos, tarehe 14 Machi 1937, mtoto wa tatu wa Mzee Nthiwa na Mama Mbithe. Alisoma shule ya misheni ya hapo kwao hadi darasa la saba. Kushona alijaliwa, ingawa alikuwa na tabia ya kufumua mishono mibaya ya wenzake bila kuombwa.

Mwaka 1958 alikuja Nairobi akapata kazi ya cherehani katika duka la sare za shule, River Road. Tarehe 6 Januari 1962 alifunga ndoa na Mbithi Ngui, karani wa serikali. Walikaa Kangemi, wakajaliwa Nzula na Nzioka. Kavata, mama yake Mbithi, alihamia kwao kulea wajukuu. Kavata si mtu wa kudanganywa. Hata maziwa ya dukani huyanusa mara mbili.

Juni 1966 jicho la kulia la Mukonyo liliuma, likaingia giza. Baada ya wiki tano likaona. Mwaka 1969 mguu ulikufa ganzi akiwa kwenye cherehani; miezi miwili baadaye alikuwa sokoni na kikapu chake, mzima kabisa. Hapo maneno yakaanza. Dukani walisema anakunywa. Nyumbani Kavata alisema ni uvivu.

“Hii macho yako ni ya ujanja,” alimwambia. “Leo haioni, kesho inatia uzi kwa sindano.”

Alimshauri Mbithi amrudishe mke kwao, watoto wabaki. Mbithi, tuseme ukweli mbele ya watu, alianza kukubali. Mukonyo aliogopa kupokonywa wanawe kuliko alivyoogopa upofu.

Machi 1971 Kavata alimfukiza kwa majani, chini ya blanketi. Macho yakafifia, magoti yakalegea. Alipopoa, akawa sawa. Kavata akasema sasa amemshika: ugonjwa gani huo unaoisha kwa kupoa tu? Mukonyo alichoka kushukiwa, akaenda hospitalini na kumtaka Kavata afuatane naye. Daktari aliutaja ugonjwa huo, multiple sclerosis, unaoshambulia neva, hutulia, kisha hurudi.

“Joto likimlegeza na akipoa anarudi sawa, ugonjwa haujarudi,” alieleza. “Lakini jambo jipya likidumu zaidi ya siku nzima, na hana homa, mlete.”

Kavata hakumwamini. Alirudi nyumbani akaanza kumchunguza mkwewe mwenyewe, asubuhi na jioni, akitafuta uongo. Hakuupata. Alichopata ni kuujua mwili ule kuliko mtu yeyote.

Aprili 1976 Mukonyo, akihofu kurudishwa kwao, alificha mkono wa kulia uliokufa ganzi. Kavata alimwona akifunga vifungo kwa mkono wa kushoto.

“Tangu lini?”

“Juzi, Mama. Ni joto tu.”

“Joto ya wapi, na mvua imenyesha wiki nzima? Vaa viatu twende.”

Alitibiwa, na mkono ukarudi kwa sehemu kubwa. Tangu siku hiyo habari ya kumrudisha kwao haikutajwa tena. Agosti 1978 ugonjwa ulirudi kwa nguvu, ukachukua miguu yote miwili. Kisha nimonia ikamwingia, na Jumamosi tarehe 9 Septemba 1978 akatutoka.

Ameacha mume wake Mbithi, watoto wake Nzula na Nzioka, na mama yake mzazi, Mbithe. Ameacha pia Kavata. Tulipomwuliza yeye aandikwe vipi humu, alisema, “Mimi niandikeni vyovyote. Yeye andikeni hakuwa anadanganya.”

Tumeandika. Mungu ampumzishe mahali ambapo hakuna atakayemshuku.