Nilivyochana Gazeti la Wanafunzi Wangu

Wapendwa, mchungaji amenipa nafasi kabla ya matangazo, na naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Mmezoea kuniona nikisimama hapa kuisahihisha kwaya. Leo sisahihishi mtu. Nimekuja kusema nilichofanya, na aibu nimetoka nayo nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mnanijua. Pale shuleni nilikuwa mlezi wa klabu ya habari. Tuna gazeti la ukutani, linabandikwa kila Jumatatu kwenye ubao ulio nje ya stoo. Utaratibu niliuweka mwenyewe: mwanafunzi anatumbukiza habari yake kwenye kisanduku bila jina, kisha binti mmoja mwenye hati nzuri anazinakili zote kwenye karatasi ya manila. Hata akimtambua mwandishi, haruhusiwi kumtaja. Niliwaambia, "Andikeni mnachokiona, msimwogope mtu." Mgeni akija shuleni nampeleka pale kwanza, kifua mbele.

Kuna wiki waliandika kwamba ugali unaungua. Mama mpishi akaja kulalamika. Nikamwambia, "Mama, waache watoto waseme ukweli." Na nililisema hilo kwa sauti, walimu wenzangu wasikie.

Sasa, nina shamba la chai hapa Kinyala, si mbali na shule. Mvua zikikolea, chai inachipua kuliko mikono tuliyonayo nyumbani. Basi kila Alhamisi, vipindi viwili vya mwisho, nikawa nawapeleka kidato cha pili wakanichumie. Nikaita elimu ya kujitegemea. Aliyekuwa anajitegemea hapo ni mimi peke yangu.

Jumatatu moja nakuta watoto wamejaa kwenye ubao, wananipisha bila kunisalimia. Nikasoma: "Alhamisi hatusomi Kiswahili. Tunachuma chai ya mwalimu." Maneno hayo tu. Hakuna tusi, hakuna uongo. Nikaichana ile manila mbele yao.

Nikamwita yule binti wa kunakili. Nani kaandika? Akasema, "Mwalimu, ulituambia tusitaje." Ndugu zangu, nawaambia, alilisema kwa adabu kabisa. Nikamjibu, "Hati ni yako, basi na kosa ni lako." Mimi niliyemchagua kwa hati yake. Nikaenda kwa mkuu wa shule nikamdanganya kwamba binti kanitukana. Akarudishwa nyumbani. Kisanduku nikakifungia kabatini.

Wiki tatu ubao ukabaki mtupu. Kila Jumatatu watoto wanapita pale, wanautazama, wanaingia darasani. Nikifundisha, hakuna anayenyoosha mkono. Na mimi nilijifanya sioni.

Aliyenivunja ni mama mpishi. Alinimiminia chai ya saa nne, akasimama hapo hapo. "Mwalimu, ugali wangu waliuandika, nikaona aibu, nikaanza kuusonga vizuri. Hii chai yako ina nini hata isiandikwe?" Kikombe nilikiacha mezani.

Jumamosi nikaenda Suma, kwa bibi anayemlea yule binti. Nilijiandaa kufokewa. Yule bibi aliponiona alipiga magoti kunisalimia, mkungu wa ndizi uko pembeni ameshauandaa. "Mwalimu, nilikuwa nakuja Jumatatu kukuomba radhi. Mtoto wetu ametuaibisha. Tusamehe, baba." Mama wa umri ule, wapendwa, ananipigia magoti mimi, kwa uongo wangu mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwinua. Nikamwambia yote, binti akiwa amesimama mlangoni anasikia. Bibi akasema, "Ndaga, asante kwa kuja," na ule mkungu akaurudisha ndani. Alifanya sawa. Yule binti aliniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, gazeti litarudi?"

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa shule nikakiri. Binti alirudi siku ile ile. Mimi nilipewa onyo la maandishi, ulezi wa klabu nikanyang'anywa, na ilikuwa haki yangu. Chai nachuma na familia yangu. Kisanduku nikakitoa kabatini nikakirudisha mahali pake, nikaandika barua ya kuomba radhi, nikaitumbukiza humo kama mtu yeyote. Ilitoka gazetini, kwa hati ya yule yule niliyemfukuza, chini kabisa, baada ya matokeo ya mpira wa pete. Nilisimama pale nikaisoma, watoto wakiniangalia.

Namshukuru mama mpishi. Namshukuru yule bibi, hata kwa ule mkungu alioniondolea. Namshukuru binti, ambaye yupo humu ndani, na naomba msigeuke kumtafuta. Wazazi na walimu wenzangu, mtoto akiandika jambo linalokuchoma, lisome mpaka mwisho kabla hujanyoosha mkono kuuliza nani kaandika.

Aliyeandika habari ya chai, mimi hadi leo simjui. Kama naye yupo humu, namwomba asiniambie. Aendelee kuandika.