Mjapani Niliyemsemea

Ndugu zangu, mama zangu wa kanisa hili la hapa Bertrams, Mungu aliyenirudishia ulimi ndiye amenisimamisha. Mnisikilize polepole, maana nami nasema polepole. Upande mmoja wa mdomo huu bado unasinzia.

Shule niliiacha mapema, lakini kule Uvira nilikuwa na kazi yangu, kibanda cha video. Filamu inaongea Kijapani, mimi na kipaza sauti naisemea kwa Kiswahili. Kijapani sikujua hata salamu! Nilisoma uso tu. Kulikuwa na mwigizaji mmoja, jina silitaji, sisi tulimwita Shemeji. Ujanani alishika upanga, akaanguka matopeni, akainuka. Baadaye akawa mkubwa wa polisi, anavuta sigara kwenye mvua. Mvua ya kwao ile, inanyesha kama inawaza... Nilizeeka naye. Akinyamaza namtilia maneno, maana watu wa kibandani hawapendi kimya.

Vita ikatuleta Joburg. Nikalinda geti Braamfontein, mpaka asubuhi moja nangoja robot, ile taa ya barabarani, igeuke kijani, mkono ukafa, maneno yakaondoka. Kiharusi. Nawaambia, niliyaona maneno yanapita mbali kama watu kwenye ukungu. Naita, hayageuki.

Mke wangu anasuka nywele Doornfontein. Kila siku alinikokota hadi saluni, akanikalisha mbele ya televisheni. Miezi ikapita hivyo, kama usingizi.

Siku moja nani anatokea? Shemeji! Nywele nyeupe, mzee kama mimi. Amefiwa na mkewe. Anamenya chungwa, nusu anakula, nusu anaiweka pale mkewe alipokuwa anakaa. Kimya. Mwanga tu unatembea ukutani.

"Eish, babu huyu mbona haongei?" Ni mteja, kichwa nusu kimesukwa. "Dada, weka ingine, tutalala hapa!"

Mke wangu akachukua rimoti. Nikaona kidole kinashuka. Ndani yangu kuna mtu akainuka matopeni.

"Ana... anamu... anamwita mkewe."

Chanuo likaanguka.

"Papa," mke wangu akanong'ona, "anamwita vipi?"

"Anasema, njoo tule."

Alilia, ndugu zangu, na mteja naye akalia na kichwa chake cha nusu. "Mzee, endelea basi! Anasema nini tena?"

Tangu hapo wale wasusi hawakuniacha. Hata tangazo la sabuni, "Mzee, anasema nini?" Nawashukuru. Namshukuru Shemeji, ambaye hanijui. Na ninyi, mtu wenu akinyamaza, msikimbilie rimoti. Kaeni karibu, mmuulize.

Mke wangu, wewe pale nyuma, nimemaliza. Njoo tule.