Usifumbe: Kumkumbuka Mkorogaji wa Sabuni

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa! Najua mmeitikia "tega", hata kama sijawasikia. Nyumba yangu mlango wake wa nyama. Mwizi akiingia, mlango hujifunga wenyewe, mwenye nyumba akabaki na mwizi ndani. Mmeshindwa? Haya, nipeni mji. Ni jicho, wajukuu zangu. Likiingiwa na kitu kikali hufumba, na likifumba huungua na mgeni wake humohumo.

Leo tunamkumbuka mtu aliyelijua hilo. Mkorogaji wa karakana ya sabuni, kapera, tuliyemwita Usifumbe. Tumemzika juzi. Kifua kilimsumbua muda mrefu.

Lakini nitamsimulia kwa kumfuata mtu aliyemchukia. Msishtuke, kanipa ruhusa mwenyewe. Ni mkata sabuni wa karakana hiyohiyo. Bwana huyu na wivu, jamani! Mkewe alikuwa mfungashaji palepale. Muuza maziwa akimsalimia mara mbili, nyumbani hapakaliki.

Siku hiyo mke alikuwa anapita karibu na pipa la kostiki, yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni. Kifuniko kikadondokea ndani. Maji yale makali ya kostiki yakamrukia jichoni, shingoni na begani. Mumewe alikuwa uani akipakia makasha. Kusikia ukelele, akafanya walichofanya wote pale kostiki ikimwagika mezani: akanyakua chupa ya siki, akatimka nayo.

Akakuta nini? Mkewe chini ya bomba, blauzi imechanwa begani. Mkorogaji amemshika kichwa kwa mkono mmoja, vidole vya mkono wa pili vimemfumbua kope kwa nguvu. Na mdomo u sikioni. Ananong'ona!

"Mwachie mke wangu!"

"Maji tu, bwana. Siki weka mbali."

"Nimesema mwachie!"

Akainua chupa amimine. Mkorogaji akaipiga kumbo kwa kiwiko, ikapasukia ukutani, wafanyakazi wote wakitazama. Hakugeuza hata uso. "Usifumbe!" akapaza sauti, watu wote wakalisikia neno hilo, likawa jina lake. Mengine yakazama katika mlio wa maji. Akarudi kunong'ona.

Hapa tegeni masikio. Maji safi, mengi, papo hapo. Nguo iliyolowa ivuliwe, hata kama ni blauzi ya mke wa mtu. Kichwa kiinamishwe upande wa jicho lililoumia, maji yatiririke kutoka upande wa pua kwenda nje, yasiliingie jicho la pili lililo zima. Siki, limau, maziwa, hapana. Huko ni kuongeza moto juu ya moto. Osheni dakika ishirini na zaidi, kisha hospitali. Bibi narudia: maji safi, mengi, papo hapo.

Daktari alisema jicho limeokolewa na bomba lile. Mke akarudi nyumbani anaona. Na mume akarudi na swali lake.

"Alikuwa anakuambia nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Mimi? Nimuulize yule?"

"Ana mdomo, una mdomo."

Hakumuuliza. Miaka ikapita wakifanya kazi chumba kimoja, salamu haipiti. "Sabuni yako inanuka," humwambia. Usifumbe hucheka: "Itakutakatisha hivyohivyo, ndugu yangu."

Mwishowe kifua kikamlaza Usifumbe kitandani. Dada yake aliniambia hivi: "Kaka alikuwa anamuulizia mkata sabuni. Anasema, yule bwana ana swali langu, mbona haji?"

Alikwenda, wasikilizaji. Mkata sabuni alifika hadi mlangoni. Akaona ndala za mkewe kizingitini. Mke amempelekea mgonjwa uji. Wivu ukampanda. Akageuka, akarudi alikotoka. Haikupita wiki, Usifumbe akafariki. Swali likabaki kwa mwenye nalo.

Dada mtu, pole sana. Pole kwenu wote wa karakana. Mungu amlaze pema. Nanyi mlio majumbani, kama kuna neno unataka kumuuliza mtu na mtu huyo bado anapumua, zima redio uende. Mimi sitakasirika.

Ila nimalize ya mkata sabuni. Wakitoka makaburini, alisimama katikati ya njia, watu wakimpita.

"Mama watoto, sasa nimuulize nani?"

Mkewe akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nilitaka umuulize yeye, mpate kusemezana. Mkaidi wewe."

"Alikuwa anakuambia nini?"

"Lilikuwa linaniunguza, baba watoto, nikataka kufumba na liwalo na liwe. Akaniambia, 'Usifumbe, shemeji. Mumeo huyo amekuja mbio, kiatu kimoja kimemtoka. Mwangalie.' Kila nikitaka kufumba anarudia hilohilo: mwangalie mumeo, mwangalie mumeo. Nami nikawa nakuangalia wewe."