Kisu cha Mzee Matata

Wasikilizaji wapendwa, mwenye chungu jikoni akiepue kwanza, aje akae. Leo tunamkumbuka Mzee Matata, mchinjaji wa Muyinga, aliyefariki hapa Gitega siku ya Idi ya kuchinja. Nasema mchinjaji. Wengi wenu hapa mjini mlimjua kama yule mzee wa kupelekewa sahani.

Muyinga walikula nyama ya mkono wake miaka mingi. Mkristo akiozesha binti, akitaka majirani zake Waislamu nao wale, alimwita Matata. Alikuja na kisu kimefichwa ndani ya kanzu, maana mnyama hapaswi kukiona. Alikinoa mpaka kinyoe vinyweleo vya mkono. Binti yake, Kulthumu, anakumbuka: "Baba alisema kuchinja ni ibada. Ukimtesa mnyama, Mungu atakuuliza we, hatamuuliza mwenye sherehe."

Sasa sikilizeni kilichomponza. Ni huruma. Kule Giteranyi, Audax, aliyekulia Tanzania akarudi, alikuwa anaozesha binti. Ng'ombe alilazwa nyuma ya nyumba, kafungwa, na wasaidizi wakaenda kuteka maji. Mzee akaona kamba inamkata mnyama mguu. Akailegeza. Kisu kilipogusa tu shingo, ng'ombe akachomoka, akaanguka kwenye mtaro wa migomba, akavunjika shingo. Alikufa kibudu, kabla mzee hajamfikia kumchinja.

Hakuna aliyeona. Wageni wote walikuwa mbele, kwenye ngoma. Angemkata shingo palepale akanyamaza, watu wangekula na kumshukuru. Jamani, mzee yule alinawa mikono, akaenda mbele, akasimamisha ngoma, akasema: "Nyama hii Muislamu asile. Kosa ni langu mimi."

Bibi harusi alilia. Waislamu wakapanda baiskeli zao, wakarudi na njaa. Audax anasema mpaka leo: "Nilifedheheka mbele ya wakwe. Mzee angenyamaza tu, nani angejua?" Na Waislamu wenzake Matata ndio waliokuwa wakali zaidi. Sudi, muuza nguo wa Muyinga aliyekuwa mmoja wa wageni, alipita akisema: "Ati yeye iko na dini kushinda sisi wote?" Tangu siku ile hakuna aliyemwita Matata kuchinja. Mtu amewakinga na haramu, ninyi mnamwadhibu! Haya.

Kulthumu, fundi cherehani, akamleta kwake Gitega. Anampenda baba yake, msinielewe vibaya. Kwa mapenzi hayohayo akakificha kisu chini kabisa ya sanduku, akasema: "Baba, we pumzika sasa. Kula, swali, lala." Majirani wakasikia mzee hana kazi, wakaanza kuleta sahani. Ndizi leo, maharage kesho. Mzee akaona afadhali awafagilie nyua zao. Kulthumu akaja juu: "Baba, bon, unanitia haya! Watu watasema mi sikulishi." Ufagio nao ukafichwa.

Mzee akamwambia: "Mtume alifundisha hakuna chakula bora kuliko cha kazi ya mkono wako. Mi ninakula cha nani, mwanangu?" Kulthumu akarudi kwenye cherehani yake.

Ikaja Idi. Ua wa pili, mtu akachinja kondoo kwa kisu butu. Mnyama alilia, akalia tena. Mzee akasimama. "Kulthumu, kisu changu! Nipe kisu, anateswa!" Kulthumu akasema alishakitupa. Alidanganya. Mzee akaketi, akaziba masikio kwa viganja. Baadaye nyama ya kondoo yuleyule ikaletwa kwenye sahani. Walipokwenda kumwamsha kwa swala ya alasiri, alikuwa ameshakufa. Sahani haikuguswa.

Waoshaji wakaomba kitu cha kukatia sanda. Kulthumu akafungua sanduku. "Kilikuwa kimeota kutu chote," ananiambia. "Nikajaribu kukata, kikakwama kwenye kitambaa. Kisu cha baba! Sanda tukaichana kwa mikono." Hapo akalia, nami nikamwacha alie.

Kulthumu, pole dada. Pole kwa jamaa wote wa Muyinga na Gitega. Mungu amrehemu mzee wetu. Nanyi mnaonisikiliza, mwenye mzee nyumbani aangalie amemficha nini. Amrudishie leo, hata kama mkono wake unatetemeka.

Audax na Sudi nao wameleta rambirambi. Wameniomba niseme hewani kwamba Mzee Matata alikuwa mtu mwaminifu. Nimesema.